Fungu la Mvua la Nakitala

Mlango wa chuma ulipofungwa nyuma yetu, Mzee Kasiani Libenanga alifanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa cheo chake. Alirudi akausukuma kwa bega. Haukutikisika. Akausukuma tena kwa bega la pili, kisha akajipangusa shati na kunitazama kama mtu aliyefumaniwa.

"Nilitaka tu kuhakikisha," alisema.

"Umehakikisha, mzee?"

"Nimehakikisha."

Nilicheka, lakini kicheko changu hakikufika mbali. Pango la Nakitala lina tabia ya kumeza sauti. Kwa ndani mlango ule hauna kitasa wala tundu la ufunguo. Una vioo viwili vidogo vya kubonyeza dole gumba, kimoja changu na kimoja chake, na katikati kuna vitufe vya tarakimu. Wasomaji wawili wakikubaliana namba moja na kila mmoja akabonyeza kioo chake, mlango unafunguka. Wasipokubaliana, chakula kinapitishwa kwenye upenyo wa chini na wao wanabaki humo humo. Hakuna muda uliowekwa. Wako wasomaji wa pango moja la kaskazini waliofungiwa wakati watu wanapanda, wakatoka watu wanavuna, na mpaka leo hawasalimiani.

Namba yenyewe ni fungu la mvua. Tangu vinu vya mawingu vianze kuzunguka baharini, mvua haiji yenyewe tena, inagawiwa. Baraza la Mawingu lilitafuta kipimo cha haki ambacho hakuna mkoa ambao ungekibishia, wakaja na hiki: kila mahali papewe mvua ile ile iliyokuwa ikinyesha kabla binadamu hawajaiharibu anga. Ni wazo zuri, ukilisikia ukiwa umeketi ofisini. Tatizo ni kwamba hakuna aliyekuwapo kuipima mvua hiyo. Mawe ya mapangoni yalikuwapo, kwa hiyo wanaulizwa mawe.

Mwanzoni msomaji alikuwa mmoja, na msomaji mmoja alinunulika kama nyanya. Ndipo Baraza likaamua wawe wawili, mmoja kutoka kila upande unaogombea wingu lile lile, wafungiwe pamoja mpaka waseme kauli moja. Mimi, Somoe Ngwali, nilitumwa na vilima vya Nakitala. Mzee Libenanga alitumwa na tambarare ya Ndomoni, kwenye mpunga. Wingu moja huhesabiwa mia; tukipewa nyingi sisi, wao wanapewa mabaki. Na fungu likiwa chini ya thelathini, watu wa hapo wanapakiwa kwenye malori na kuhamishwa.

Mama yangu alikuwa juu ya kichwa changu, nasema hivyo bila mafumbo. Shamba lake la mtama liko kwenye mgongo wa kilima kile kile chenye pango. Nilipolala kwenye kitanda cha turubai na kutazama dari la mawe, nilijua kwamba mita chache juu ya pua yangu yuko mtu anapalilia.

*

Nguzo ya Nakitala ni stalagmaiti nene, jiwe la chokaa lililoota kutoka sakafuni, ndefu kunizidi, imesimama peke yake mwisho wa ukumbi. Niliifahamu kwa jina tangu utotoni ingawa sikuwahi kuruhusiwa kuigusa. Mzee Libenanga aliitazama kwa heshima, akavua kofia.

"Dada mkubwa," aliiambia, "shikamoo."

Hapo nikampenda, na nikajua kumpenda kutaniletea matatizo.

Tuliivisha nguzo kisomeo. Kisomeo ni pete ya chuma yenye leza ndani yake, inapanda polepole kutoka chini hadi juu ikichoma vipunje vidogo kuliko chembe ya chumvi na kuvipima. Siku za mwanzo wa kazi yangu mtu alilazimika kulikata jiwe kwa msumeno na kwenda nalo maabara. Sasa jiwe linabaki zima na anayefungiwa ni msomaji.

Kazi yenyewe si uchawi. Maji ya mvua yanapita kwenye udongo na mwamba wa chokaa, yanadondoka pangoni, na kila tone linaacha utando mwembamba wa chokaa. Utando juu ya utando, ndivyo nguzo inavyokua. Maji huyeyusha urani kidogo kutoka mwambani na kuja nayo, lakini thoriamu hayaiyeyushi. Kwa hiyo tabaka jipya huwa na urani bila thoriamu, kisha urani ile inageuka thoriamu pole pole, kwa mwendo tunaoujua. Ukipima zote mbili unajua umri wa tabaka. Kiasi cha mvua tunakisoma kwa njia mbili: unene wa tabaka, na uzito wa oksijeni iliyomo. Mvua ikiwa nyingi tabaka huwa nene na oksijeni huwa nyepesi. Ikiwa haba, kinyume chake.

Basi tukakaa. Kisomeo kilikuwa kikilia kama mbu. Pumzi zetu ni adui wa jiwe, kwa hiyo tulivaa barakoa zenye bomba refu la kutolea hewa nje, na ukitaka kugeuka unamwambia mwenzako asije akakukanyagia bomba. Joto lilikuwa la jikoni. Usiku na mchana vilikuwa taa moja nyeupe isiyozimwa. Mzee Libenanga alikoroma, aliposhtuka alisali rozari, na alipomaliza rozari aliniuliza kama pango hili limewahi kuporomoka. Nilimwambia halijawahi. Sikuwa na uhakika, lakini mtu mzima akitetemeka unamwambia nini?

*

"Binti Ngwali, hebu njoo uone maajabu."

Kisomeo kilikuwa kimefika katikati ya nguzo. Kwenye skrini tabaka zilionekana nene, nyeupe, zimepangana kama chapati.

"Hii ni ile miaka ya ukame mkuu," alisema. "Mapango yote ya pwani yanasema kitu kimoja: hakuna mvua, vizazi kwa vizazi. Nyinyi hapa mnaogelea! Oksijeni nyepesi, tabaka nene. Mlikuwa na wingu lenu wenyewe?"

"Labda vilima," nilisema. "Vilima huvuta mvua."

"Labda." Alikuna kidevu juu ya barakoa. "Lakini si hilo tu. Tazama hapa. Kuna tope. Udongo laini wa mtoni, kila tabaka nene lina tope lake. Na hii hapa, unajua ni nini? Wanga. Chembe za wanga wa nafaka. Mtama, nadhani."

Niliinama nikajifanya nanyoosha bomba langu la hewa.

"Mtama kwenye jiwe?" niliuliza.

"Mafuriko," alisema, na macho yakamng'aa kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. "Mvua kubwa, mto unafurika, unasomba maghala ya watu, unaingia mpaka humu. Tope na unga vinagandia. Wewe ndiye mwenyeji. Mto Lihanje huweza kufika huku?"

Mto Lihanje uko bondeni kabisa. Kutoka mtoni hadi mlangoni pa pango ni mpando wa kukutoa roho, na mafuriko ya kufika hapo yangeifunika nchi nzima.

"Zamani huenda ulifika," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa, akaandika, akarudi kwenye skrini yake. Mimi nilirudi kitandani nikajilaza nikitazama mawe.

Nilijua tope lile limetoka wapi. Bibi yangu alinisimulia akinisuka, magoti yake yakiwa yamenibana nisikimbie. Karne nyingi nyuma, kiangazi kibaya kilipokuja, wanawake wa Nakitala waliteka maji Lihanje, wakakoroga humo unga wa mtama, wakapanda na mitungi kichwani mpaka pangoni, wakainywesha nguzo. Hawakufanya mara moja wakarudi kulala. Walipokezana nyumba kwa nyumba, msimu mzima, mwaka baada ya mwaka mpaka mvua irudi. Waliamini nguzo ikinywa, mbingu nazo zitakumbuka kazi yake. Bibi alisema wahenga wetu wale waliota vipara utosini kwa ajili ya mitungi.

Na maji ya Lihanje yanatoka milima mirefu ya magharibi, kule ambako mvua huanguka na oksijeni nyepesi. Njiani yanapita kwenye mwamba wa chokaa yakashiba chokaa. Kwa kisomeo hayana tofauti yoyote na mvua ya neema. Tabaka zile nene, nyeupe, za kupendeza, hazikuwa miaka ya mvua. Ilikuwa miaka ya njaa, na jiwe lilinenepa kwa shingo za wanawake.

*

Jumla ilipotoka ilikuwa sabini na moja.

Nilikaa na namba ile kama mtu aliyeokota mtoto mlangoni. Sabini na moja ilikuwa mtama, mihogo, mikorosho inayochanua, kisima kinachojaa. Ilikuwa mama yangu kuzeeka nyumbani kwake. Nilipiga hesabu nyingine kimya kimya, kwenye kona yangu, nikiondoa kila tabaka lenye tope na unga. Ilitoka ishirini na nne. Malori.

Nitasema ukweli, sikujiona mwongo. Niliwafikiria wale wanawake. Waliomba mvua wakaambulia jua, wengi wao wakafa wakiamini jiwe limewakatalia. Na sasa, baada ya karne zote hizo, jiwe lilikuwa limeweka kila mtungi waliomimina, na liko tayari kuwalipia wajukuu wao mvua ile ile waliyoiomba. Maombi yao yalikuwa yamefika. Mimi ni nani niyafute? Kilichotakiwa kwangu ni kunyamaza tu, na kunyamaza nilikuwa nimekwisha kuanza.

Mzee Libenanga alirudia hesabu upya. Akairudia tena. Alitafuta kosa kwenye urani, akatafuta kwenye oksijeni, akafungua kisomeo na kukisafisha kwa kitambaa chake cha kufutia miwani. Alikonda mbele ya macho yangu. Karanga alizokuja nazo aliacha kuzila. Nilitamani awe mtu mbaya, anitukane, ajaribu kunihonga, ili nipate mahali pa kuegemeza roho yangu. Hakunisaidia hata kidogo.

Mwishowe alikuja akaketi kando ya kitanda changu.

"Nimetafuta kosa nimelikosa," alisema. "Unajua watu wa Ndomoni walinisindikizaje? Kwa ngoma. Watoto wamevaa sare. Dada yangu alinishonea shati hili. Nikitoka na sabini na moja yenu, mpunga umekwisha, na wao ndio wa kupanda malori."

"Watakulaumu, mzee."

"Watanilaumu, ndiyo. Nitawaambia jiwe limesema. Kama nikilikubali jiwe linaponipa na kulikataa linaponinyima, basi mimi si msomaji, ni mchuuzi." Alisimama, magoti yakalia. "Twende mlangoni, mwanangu. Hewa hii itatuua bure."

Tulikwenda, tukiburuta mabomba yetu. Aliandika saba, akaandika moja. Akainua dole gumba akalielekeza kwenye kioo.

Nikamshika kifundo cha mkono.

"Usibonyeze, mzee."

"Kuna nini?"

"Mto haufiki huku. Haujawahi kufika."

*

Nilimweleza yote tukiwa tumesimama pale pale. Mitungi, unga, kupokezana, vipara vya utosini. Nilimwonyesha ishirini na nne yangu. Nilitegemea atanikumbatia, au atapiga magoti amshukuru Mungu wake. Alikasirika.

"Nani alikutuma useme?" aliniuliza. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akipaza sauti. "Nilikuwa nimekwisha kukubali! Nilikuwa nimekwisha kuwalilia watu wangu, nikamaliza!"

"Ulikuwa unakwenda kuwahamisha kwa uongo."

"Na sasa unataka nimhamishe mama yako kwa ukweli! Kwa dole langu mimi!" Alipiga mlango kwa kiganja. "Nani aliwaambia hao wa Baraza kwamba jana ndiyo haki? Hao wanawake walibeba maji kichwani wasiondoke hapa. Jiwe linashuhudia hilo. Mbona mlango hauna kitufe cha hilo?"

"Una tarakimu tu."

"Basi tuseme jiwe limeharibika. Halifai kuwa shahidi."

"Tuandike wapi, mzee? Una tarakimu tu."

Aliteleza na mgongo wake mlangoni mpaka akaketi chini. Nami nikaketi. Nilihisi ukuta wa pango umenisogelea mgongoni. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tulifungiwa na namba, wala si na chuma.

"Tuweke katikati," alisema hatimaye. "Arobaini na saba. Nyinyi mnabaki, sisi tunabaki. Nani atajua?"

Nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umekwisha kufunguka.

"Hizo ishirini na tatu za kuongeza zinatoka wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi?"

Akainamisha kichwa. "Vijiji vya chini. Maji ya mfereji hayatafika."

"Nani anakaa vijiji vya chini?"

Alishika ukosi wa shati lake, akaukunjua, akaukunja.

"Dada yangu," alisema.

"Yeye amekutuma uzitoe?"

"Hapana."

"Basi si zako kutoa. Na mimi nikizipokea, kila nikila mtama wa mama nitakuwa nakula shamba la dada yako, nami nalijua shati alilokushonea." Nilikuwa nalia, na barakoa ilikuwa imejaa ukungu, sioni vizuri. "Usinifanyie hivyo, baba. Nimechoka."

Nilisimama kabla akili haijaniwahi. Nikafuta sabini na moja, nikaandika ishirini na nne, nikabonyeza kioo changu. Kikawaka kijani. Chake kikabaki cheusi, kikisubiri. Mzee Libenanga alikitazama kama mtu anayetazama nyoka kwenye viatu vyake.

"Mungu akusamehe kwa kunitwisha hili," alisema.

"Akusamehe na wewe."

Akabonyeza.

*

Nje kulikuwa mchana, na mwanga ulinichoma mpaka nikajikinga kwa mkono. Kabla sijaona watu niliwasikia. Wanawake wa Nakitala walikuwa wamejaa chini ya mteremko na sufuria zao, vigelegele, vitenge vipya. Habari ya mtambo wa mlango kunguruma iliwafikia kabla yetu. Namba ilikuwa imekwenda Baraza na ingetangazwa redioni kesho yake, lakini wao hawakuona haja ya kusubiri. Mtoto wao ndiye aliyekuwa ndani. Angewaangushaje?

Mama alinifikia wa kwanza. Hakunikumbatia. Aliniinua kidevu, akanitazama macho, jinsi alivyokuwa akinitazama nikirudi na matokeo ya mtihani.

"Jiwe limesemaje?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Jiwe lilisema tubaki, mama. Mimi ndiye niliyesema hapana."

Nyuma yake mtu aliangua kigelegele kingine.

"Ulimwambia habari za maji."

"Nilimwambia."

Alimgeukia Mzee Libenanga, aliyekuwa amesimama kando na kofia mkononi, hajui aende wapi. "Karibu, baba," alimwambia. "Safari yako ndefu, usiondoke na njaa." Akamwita mmoja wa shangazi zangu amwekee mgeni paja la kuku. Kisha akanirudia.

"Watatuzimia mawingu lini?"

"Baada ya mavuno haya."

Mama aliwatazama wanawake wenzake, mmoja mmoja, kama anayewahesabu. Aliona sufuria ya wali wa nazi waliyokuwa wameitua chini ya mkorosho. Mchele wa akiba ule, niliujua, wa mwaka mzima.

"Usiwaambie mpaka washibe," alisema.

Wakanishika mikono wakanikalisha katikati ya mkeka. Mtu alinifunga kitenge kiunoni, mwingine akanimwagia maji ya kunawa. Sahani ilikuja imejaa mpaka wali unamwagika, na Bi Hadia, jirani yetu, mwanamke aliyewahi kuninyonyesha mama akiwa mgonjwa, alichukua upawa akaniongeza.

"Kula, mwanetu," alisema. "Umetuletea mvua."

Wote walikuwa wakinitazama wakitabasamu, wamenizunguka pande zote, hakuna mahali pa kupita. Nikamega tonge, nikalitia mdomoni, nikatafuna.